Pini za nje za paja na mishipa ya damu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanarudi kila mwezi katika wodi ya mifupa hapa Moshi. Daktari wa mafunzo huyauliza katika zamu yake ya kwanza ya thieta, tabibu wa Same au Rombo huyauliza kwa simu kabla ya kumpandisha mgonjwa kwenye gari, na ndugu huyauliza wakiwa kwenye benchi la nje, begi la nguo mapajani. Nimeanza na ya msingi, nikaishia na mazingira ya pekee. Ndugu wa mgonjwa wasome sehemu ya kwanza kisha waende moja kwa moja kwenye sehemu ya "Wodini na nyumbani". Katikati ni kwa watendaji, na hakuna jibu la hapa linalochukua nafasi ya bingwa aliyesimama mbele ya mgonjwa.

## Mambo ya msingi

Vyuma vya nje vya paja ni nini hasa?

Ni pini nene, kwa mtu mzima aghalabu za milimita 5, zinazopita kwenye ngozi na misuli mpaka ndani ya fupa la paja. Kwa nje zinaunganishwa na fimbo na klampu. Pini mbili au zaidi hukaa juu ya mvunjiko, mbili au zaidi chini yake, na mfupa unatulia bila kufungua mahali ulipovunjika. Madaktari wanaviita eksfiksi. Mitaani watu wanasema "amefungwa antena".

Kwa nini asiwekewe msumari wa ndani ya mfupa moja kwa moja?

Kwa mivunjiko mingi ya paja msumari wa ndani ndio matibabu ya kudumu, na daktari akiweza kuanza nao ataanza nao. Vyuma vya nje hutumika pale mgonjwa asipoweza kuhimili upasuaji mrefu: kijana wa bodaboda aliyegongwa pale Boma Ng'ombe, ana jeraha la kifua na presha imeshuka. Hutumika pia jeraha likiwa wazi na limejaa mchanga na mafuta ya injini, au ateri, yaani mshipa unaopeleka damu mguuni, ikiwa tayari imekatika na mfupa unahitaji kutulia haraka ili mshipa ushonwe.

Mara nyingi ni daraja tu. Hali ikitengemaa, vyuma vinatolewa na msumari unaingia. Ni vizuri hilo lifanyike ndani ya wiki mbili hivi, kwa sababu vijia vya pini vikikaa muda mrefu hukaribisha vijidudu, na vijidudu hao wataufuata msumari ndani.

Ni mshipa gani ulio hatarini?

Hapa ndipo pa kukaa na kuelewa, maana mengine yote yanatoka hapa.

Ateri ya paja inaingia pajani katikati ya kinena, ambapo unaweza kuihisi ikidunda chini ya kidole. Inashuka kwa mbele na ndani, ikizidi kuusogelea mfupa kadiri inavyokwenda chini. Sehemu ya kati ya paja inapita chini ya msuli mrefu unaokatiza kutoka nyonga hadi ndani ya goti, ndani ya mfereji mwembamba kati ya misuli. Mwisho wa mfereji huo kuna tundu kwenye kano ya msuli mkubwa wa ndani ya paja. Ateri inapita hapo, inageukia nyuma, na kuanzia hapo ndiyo ateri ya nyuma ya goti. Kwenye tundu hilo imebanwa. Haiwezi kukimbia.

Tawi lake kubwa, ateri ya kina ya paja, linachepuka karibu na kinena na kushuka nyuma yake, likiwa karibu na mfupa kwa upande wa ndani na nyuma. Kutoka kwake hutoka matawi madogo yanayouzunguka mfupa kwa nyuma hadi upande wa nje. Vena, mishipa inayorudisha damu, zinasafiri bega kwa bega na ateri, na neva kubwa ya mguu iko nyuma kabisa.

Sasa fikiria pini inayoingia kutoka upande wa nje wa paja. Inapoingilia hakuna mshipa mkubwa. Mshipa uko ng'ambo, upande wa ndani, pale ncha ya keekee, chuma cha kutobolea mfupa, inapotaka kutokeza. Daktari mchanga hukodolea macho mahali anapotoboa ngozi. Mimi huwaomba wafikirie mahali ncha itakapotokea.

Jeraha la namna hii hutokea mara nyingi?

Hapana, ni nadra. Lakini likitokea mtu anaweza kupoteza mguu au uhai kwa upasuaji uliokusudiwa kumwokoa, na kwa sehemu kubwa linazuilika kwa mikono iliyotulia. Ndiyo maana tunaliongelea sana kuliko hesabu yake.

## Kabla ya kisu

Mapigo ya mguu yapimwe wapi, na lini?

Sehemu mbili: kwenye mgongo wa unyayo, na nyuma ya kifundo cha ndani. Yapimwe mgonjwa anapofika, baada ya kunyoosha mguu, kabla ya pini ya kwanza, baada ya pini ya mwisho kabla shuka za thieta hazijaondolewa, na tena wodini. Kila mara andika saa. "Mapigo yapo" bila saa hayamsaidii anayepokea zamu.

Kumbuka kwamba mvunjiko wenyewe huumiza mishipa. Mvunjiko ulio juu kidogo ya goti ni mbaya zaidi, kwa sababu msuli wa shavu la mguu huuvuta ule mfupa wa chini kwenda nyuma, na ncha yake kali inaelekea moja kwa moja kwenye ateri. Kama hukupima kabla ya kuanza, mapigo yakikosekana baadaye hutajua ni ajali iliyokata au ni keekee yako.

Asubuhi miguu yote ni baridi. Nitajuaje?

Linganisha miguu miwili. Mwezi wa Juni na Julai hapa Moshi, na zaidi huko Arusha, mgonjwa aliyesafiri usiku nyuma ya pikapu atafika na miguu ya barafu. Ikiwa yote miwili iko sawa na inapata joto baada ya blanketi, vuta pumzi. Mmoja ukibaki baridi, mweupe, na kucha ukiibonyeza haiwi nyekundu upesi, hiyo si hali ya hewa.

Vidole vyako vikiwa na shaka, tumia dopla ya mkononi, kile kifaa kinachosikiliza damu ikipita, na kipimo cha presha. Pima shinikizo la juu kifundoni, ligawe kwa lile la mkononi. Likiwa chini ya 0.9, mgonjwa anahitaji picha ya mishipa au bingwa kabla ya kusema mambo ni shwari.

Ninyooshe mguu kwanza, au niweke pini kwanza?

Nyoosha kwanza, hata kama si kikamilifu. Ramani ya mishipa tuliyosoma ni ya paja lililonyooka. Mguu ukiwa umepinduka, kidole gumba kikitazama ukutani, ule upande unaouona kama wa nje wa mfupa wa chini si wa nje tena, na pini itatokea mahali usipopategemea. Mwambie msaidizi avute, rudisha urefu na mzunguko kwa kadiri inavyowezekana, linganisha na mguu mzima, pima mapigo tena, ndipo ushike kisu. Kuna nyakati mapigo yaliyopotea hurudi kwa kunyoosha tu. Hata hapo, hakikisha kwa dopla. Usiseme yamepona.

Inafaa kuchora njia ya mshipa kwenye ngozi?

Inafaa sana, na haigharimu ila kalamu. Paja likiwa limekunjwa kidogo na kugeuzwa nje, chora mstari kutoka katikati ya kinena hadi kinundu cha mfupa kilicho ndani, juu ya goti. Theluthi mbili za juu za mstari huo ndiyo njia ya ateri ya paja. Mguu uliovunjika hauwezi kuwekwa hivyo, basi jifunzie kwenye mguu mzima wa mgonjwa yuleyule, kisha hamishia mchoro kwa macho. Wapo wanaoona ni mambo ya wanafunzi. Mimi bado nachora.

## Mkono kwenye keekee

Pini iingie upande gani?

Upande wa nje, au mbele kidogo ya upande wa nje. Sehemu ya juu ya paja usipendelee kuingia mbele moja kwa moja: matawi ya ateri yanakatiza pale chini ya msuli wa mbele. Mbele ya paja kwa ujumla hukupitisha katikati ya misuli inayonyoosha goti, na goti hilo litakuwa gumu baadaye. Karibu na goti mfuko wa maji ya kiungo hupanda vidole kadhaa juu ya pia ya goti, hivyo pini ya mbele iliyo chini mno hupeleka vijidudu ndani ya kiungo.

Ukingo wa nyuma wa mfupa uuache kabisa. Yale matawi madogo ya ateri ya kina yamekumbatia mfupa upande huo, na nyuma zaidi kuna neva. Upande wa ndani hakuna pini ya paja inayoanzia huko.

Kiwango gani cha paja ni cha hatari zaidi kwa pini ya upande wa nje?

Pale theluthi ya kati inapokutana na theluthi ya chini. Hapo ateri iko ndani kabisa, karibu na mfupa, na inakaribia lile tundu inapobanwa. Ncha ya keekee ikitokeza ghafla upande wa ndani, haina mahali pa kuukwepa mshipa wala mshipa hauna mahali pa kuikwepa ncha. Ukiwa na uhuru wa kuchagua, sogeza pini juu au chini ya hapo. Usipokuwa nao, nenda taratibu kuliko kawaida yako.

Juu zaidi, jirani ni ateri ya kina, iliyo ndani na nyuma. Usiinamishe keekee kuelekea nyuma. Chini kabisa, ateri kuu imeshahamia nyuma ya mfupa, kwa hiyo pini inayovuka kutoka nje kwenda ndani ina nafasi nzuri, lakini pini ya kutoka mbele ikipitiliza inaelekea kwenye ateri ya nyuma ya goti.

Nitajuaje nimefika gamba la pili la mfupa, yaani ukuta wake wa ng'ambo, na nisipitilize vipi?

Kwa mkono na kwa sikio, ila vyote viwili vinataka maandalizi.

Chana ngozi kwa urefu wa paja, sentimita moja hadi moja na nusu. Usiende na kisu hadi kwenye mfupa. Tumia koleo butu, ingia ukiifungua misuli mpaka uguse mfupa. Pitisha bomba la kinga, lile linalozuia misuli isijizungushe kwenye keekee, na ulishikilie likiwa limekaa juu ya mfupa wakati wote. Kwa ncha ya bomba, tembea: sogea mbele mpaka uteleze kwenye ukingo, rudi, sogea nyuma mpaka uteleze tena, kisha kaa katikati. Ukitoboa pembezoni, keekee huteleza au hutoboa gamba moja tu kwa mshazari, na unapoongeza nguvu ndipo balaa linapoanza.

Tumia keekee kali, ya milimita 3.5 kwa pini ya milimita 5 kama seti yako inavyoelekeza. Mwaga maji ya chumvi ili mfupa usiungue. Gamba la kwanza ni gumu na sauti ni nzito. Kisha keekee inadidimia kidogo na sauti inakuwa nyepesi, umeingia kwenye uboho. Halafu ugumu unarudi: hilo ni gamba la pili. Kuanzia hapo acha kusukuma. Mkono mmoja uegemee paja la mgonjwa uwe breki, ule mwingine uache makali yafanye kazi. Ukisikia ugumu unaanza kuachia, simama, kisha chomoa keekee ikiwa bado inazunguka mbele.

Nitaeleza kwa nini nasisitiza ukali. Nikiwa daktari mchanga, katika hospitali nyingine, nilipewa keekee butu. Badala ya kuomba nyingine niliweka bega. Gamba la pili lilipoachia, keekee ilizama sentimita kadhaa ndani ya paja, na nilipoichomoa damu nyekundu ilifuata kwa mapigo. Daktari mkuu alibonyeza kinena kwa ngumi kabla hata sijafungua mdomo. Yule kijana alishonewa mshipa usiku uleule na mguu ulipona. Tangu siku hiyo mimi ndiye ninayekagua makali ya kila keekee kabla mgonjwa hajalazwa mezani, na sista wa thieta ananijua kwa usumbufu huo.

Keekee ya umeme au ya mkono?

Ya mkono inachosha lakini inakuambia kila kitu. Ya umeme ni ya haraka na inaficha badiliko la ugumu, hasa ikiwa na kasi kubwa. Kwa anayejifunza, napenda pini yenyewe iingizwe kwa mkono hata kama tundu limetobolewa kwa umeme.

Hatuna mashine ya eksirei ndani ya thieta. Tufanyeje?

Hospitali nyingi za wilaya ziko hivyo, na kazi inafanyika. Kila neno la jibu kuhusu gamba la pili hapo juu linakuwa na uzito maradufu. Ongeza kizuizi cha kina: weka stopa kwenye keekee, au funga alama inayoonekana, ili isiweze kuingia zaidi ya unene wa misuli na mfupa uliokadiria. Kumbuka picha ya eksirei hukuza mfupa kuliko ulivyo, hivyo kipimo cha kwenye filamu ni kikubwa kuliko ukweli. Kipimo cha tundu kwa kijiti cha kupimia ni bora zaidi. Mgonjwa akitoka thieta, apigwe picha za pande mbili siku hiyohiyo. Isisubiri Jumatatu.

Ncha ya pini itokeze kiasi gani ng'ambo ya mfupa?

Ishike gamba la pili na itokeze milimita moja au mbili tu. Ikipungua inalegea. Ikizidi, ncha itakaa karibu na ateri inayodunda usiku na mchana, na siku moja itaikwangua hadi ipate tundu. Pini nyingi ni nyembamba nchani na nene shinani, hivyo ukiipitiliza kisha ukairudisha nyuma inalegea ndani ya mfupa. Hesabu mizunguko ya mwisho.

Picha gani itakuonyesha? Kwa pini ya upande wa nje, ile ya mbele. Kwa pini ya mbele, ile ya ubavuni. Picha moja pekee inaweza kukudanganya.

Msaidizi ashike paja wapi?

Chini, kwa kifundo na nyuma ya goti, goti likiwa limekunjwa kidogo juu ya shuka iliyoviringishwa. Asishike ndani ya paja mkabala na keekee. Anaisogeza misuli na mishipa kuelekea mfupa, na mkono wake wenyewe uko njiani.

## Damu ikitoka

Nimechomoa keekee na damu nyekundu inaruka. Nifanye nini sekunde hii?

Bonyeza. Gozi na kidole juu ya jeraha, na mtu wa pili abonyeze ateri katikati ya kinena kwa nguvu zake zote. Mwambie wa nusu kaputi, kwa sauti, "kuna damu ya ateri", ili aongeze maji, aombe damu na aangalie presha. Ita bingwa.

Usifanye mawili haya. Usiingize koleo gizani kukamata kitu usichokiona: utaukamata mshipa mzima na neva pamoja. Na usijaze tundu kwa pini ukafurahi kwamba damu imekoma. Imekoma kutoka nje tu, ndani ya paja inaendelea. Paja la mtu mzima linaweza kumeza zaidi ya lita moja bila kuonyesha sana.

Anayefungua jeraha atafute mshipa juu na chini ya tundu kwanza, azuie pande zote mbili, ndipo afikie lilipo tobo. Kama hakuna anayeweza kushona mshipa hapo ulipo, tazama swali kuhusu rufaa mwishoni.

Damu haikuruka, ila mapigo yaliyokuwepo hayapo.

Angalia presha ya mgonjwa, mfunike apate joto, linganisha na mguu wa pili, tumia dopla. Legeza klampu kama umevuta mguu kupita kiasi. Mapigo yasiporudi, hilo ni jeraha la mshipa mpaka lithibitishwe vinginevyo. Misuli isiyopata damu huhesabiwa takriban saa 6 kabla uharibifu usiorekebishika haujatanda, na saa hizo zilianza kuhesabiwa tangu mapigo yalipopotea, si tangu ulipogundua.

Mapigo yapo, lakini paja linazidi kuvimba na maumivu hayashikiki.

Mapigo hayaondoi hatari. Damu inayovilia ndani inaweza kuibana misuli ndani ya utando wake mgumu mpaka ikafa, huku ateri kubwa ikiendelea kupita. Paja gumu kama ubao, maumivu makali goti au vidole vikinyooshwa na mwingine, ganzi: ita daktari wa upasuaji usiku huohuo. Kuongeza sindano ya maumivu na kulala ni kosa.

## Wodini na nyumbani

Baba ana vyuma pajani na kuna damu kidogo kwenye pini. Ni hatari?

Siku chache za kwanza, majimaji ya rangi ya waridi au doa la damu kwenye gozi ni kawaida. Mnasafisha kwa maji ya chumvi na gozi safi kama nesi alivyowaonyesha. Msiweke majivu, wala dawa ya mizizi, wala mafuta ya mnyama yeyote. Damu mbichi nyekundu inayolowesha gozi na kurudi baada ya kubadilishwa si kawaida, hata ikiwa ni wiki ya tatu na mzee anajisikia vizuri. Bonyezeni kwa kitambaa safi na mwende hospitali mara moja. Msiguse klampu wala pini.

Nendeni pia bila kungoja siku ya kliniki ikiwa mguu umekuwa baridi au mweupe kuliko mwenzake, vidole vimekufa ganzi, paja linavimba upya, au mzee anapauka na kuishiwa nguvu bila sababu.

Kuna uvimbe wa moto karibu na pini. Ni jipu? Likamuliwe?

Hili swali naliomba lisomwe mara mbili, na ndugu na wahudumu wa zahanati.

Linaweza kuwa jipu. Linaweza pia kuwa ateri iliyopata tundu dogo, damu ikatoka na kujitengenezea mfuko kando yake. Mfuko huo huchukua siku au wiki kujitokeza. Unakuwa na joto, unauma, na ukiweka kiganja juu yake unadunda pamoja na moyo, wakati mwingine unatetema. Ukiuchana kwa wembe au kisu ukidhani ni usaha, mtu anaweza kumwaga damu yake yote kitandani. Kwa hiyo uvimbe wowote ulio karibu na pini ya paja upewe ultrasaundi ya mishipa kabla ya kuguswa na kisu, hata kama usaha unaonekana dhahiri. Kupungua kwa damu kusikoeleweka kwenye vipimo nako ni dokezo la aina hiyohiyo.

Siku ya kutoa pini, inaweza kutolewa kliniki?

Mara nyingi ndiyo, kwa dakika chache. Lakini pini iliyowahi kutoa damu, au ambayo ncha yake kwenye picha imekwenda mbali upande wa ndani, isitolewe kliniki. Huenda ndiyo inayoziba tundu. Itolewe thieta, damu ikiwa imeandaliwa. Mwangalie mgonjwa saa kadhaa, pima mapigo tena, ndipo aende zake.

## Mazingira ya pekee

Mgonjwa ni mtoto.

Mfupa ni mwembamba na laini, umbali kutoka gamba la pili hadi mshipa ni mfupi, na keekee hupita kabla hujajiandaa. Tumia pini nyembamba, isizidi theluthi moja ya upana wa mfupa, na kaa mbali na sahani ya ukuaji, pale mfupa wa mtoto unaporefukia, iliyo juu kidogo ya goti.

Mgonjwa ni mzee, au ana kisukari.

Huenda hakuwa na mapigo mazuri unyayoni hata kabla ya ajali. Mguu mzima ndio shahidi wako. Kuta za ateri zikiwa zimekakamaa, kile kipimo cha kifundo na mkono kinaweza kutoa namba nzuri ya uongo. Sikiliza sauti ya dopla yenyewe, na usisite kuomba siti skani ya mishipa. Uliza pia kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Ateri imeshakatwa na ajali. Vyuma kwanza au mshipa kwanza?

Kwa kawaida vyuma kwanza, haraka, dakika chache tu, maana mshipa ulioshonwa kwenye mfupa unaocheza utachanika. Saa zikiwa zimekwisha, weka bomba la muda la kupitisha damu, tuliza mfupa, kisha mshonaji aingie. Pini zote ziwe upande wa nje, na fimbo isikatize mbele: mshonaji wa mishipa huingilia upande wa ndani, na ukimzibia njia utalazimika kufungua klampu akiwa kazini.

Paja limewahi kupasuliwa zamani.

Makovu hushikiza mishipa mahali isipokaa kwa kawaida, na haitasogea mbele ya koleo butu. Fungua jeraha pana zaidi uone mfupa kwa macho. Vivyo hivyo kwa vyuma vya duara vyenye nyaya zinazopita kutoka upande mmoja hadi mwingine: hizo zina pa kuingilia na pa kutokea, kazi ya mwenye uzoefu peke yake.

Niko hospitali ya wilaya, hakuna wa kushona mshipa. Nimpeleke vipi?

Piga simu kabla gari halijawashwa. Kutoka Arusha mjini hadi KCMC, hospitali ya rufaa ya hapa Moshi, ni kama kilomita 80, na ukitokea Loliondo au ndani ya Simanjiro barabara peke yake inaweza kumaliza zile saa. Kwa hiyo usimcheleweshe kwa picha ambayo haitabadilisha uamuzi. Funga jeraha kwa gozi la kubana, mtu wa kubonyeza asafiri naye, pini iliyopo iache mahali pake, mguu usipandishwe juu ya moyo ikiwa haupati damu. Kwenye karatasi ya rufaa andika saa ya ajali, saa mapigo yalipoonekana mara ya mwisho, saa yalipokosekana, pini ziko ngapi na ipi iliyotoa damu. Namba ya simu ya aliyeshika keekee iwemo pia, kwa sababu anayempokea atataka kumuuliza ncha ilielekea wapi.